Ketini kwanza, ndipo mkope



Swali ninaloletewa mara nyingi ofisini siku hizi si la mahari, wala la mawifi. Ni la nyumba. Vijana wawili wamefunga ndoa, mwaka haujaisha, wamepata kiwanja nje ya mji, na afisa mikopo amekwisha kuwaambia kwamba wanakopesheka. Wanakuja kuomba baraka. Au niseme ukweli: mmoja anakuja kuomba baraka, na mwingine anakuja akitumaini padre atamzuia mwenzake. Wanauliza: Padre, tukope tujenge, au tuendelee kupanga?

Nitajibu hapa hadharani, maana wapo wengi wenye swali hilo ambao hawafiki ofisini. Jibu langu fupi ni hili: msikope kuanza nyumba. Kama ni lazima kukopa, kopeni kumalizia. Nitaeleza sababu zangu kwa Maandiko na kwa hesabu, kwa kuwa katika jambo hili vitu hivyo viwili havigombani.

Katika Injili ya Luka sura ya 14, ile tunayoisoma Dominika ya 23 ya Mwaka C, Yesu anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara. Kabla ya kuchimba anaketi, anapiga hesabu ya gharama, anaangalia kama anacho cha kumalizia. Asipofanya hivyo ataweka msingi, fedha zitakata, na kila apitaye atamcheka. Najua kwamba Yesu hapo hafundishi ujenzi. Anafundisha gharama ya kumfuata yeye. Lakini mfano huwagusa watu pale tu wanapoujua tayari, na nadhani wasikilizaji wake waliwahi kuyaona majengo yaliyokwama njiani, wakayacheka. Aliyekuwa akisema alijua pia anachokisema. Neno la Kigiriki ambalo Injili inalitumia kwa kazi yake, tekton, sisi tumezoea kulitafsiri seremala, lakini halimhusu fundi wa meza na vitanda peke yake. Linamgusa na fundi wa ujenzi. Mtu aliyekulia katika kazi hiyo amewaona wateja waliomwita kuanza na wasimwite tena kumaliza.

Mimi hupenda kusimama kwenye neno lile moja, kuketi. Vijana wengi wanaokuja kwangu wamekwisha kupiga hesabu, lakini wameipiga wakiwa wamesimama. Wameipiga kwenye dirisha la benki, kwenye daladala, au pembeni ya kiwanja huku fundi akionyesha kwa kidole sebule itakapokuwa. Hesabu ya kusimama huuliza jambo moja tu: rejesho la mwezi litakatwa kwenye mshahara ukabaki? Hesabu ya kuketi huuliza mengi zaidi, na huulizwa na watu wawili, chakula kikiwa kimekwisha kuondolewa mezani na simu zimezimwa.

Toka kidogo nje ya mji wowote wetu, Chanika ukitokea Dar es Salaam, Nala au Ihumwa huku Dodoma, Buhongwa au Kisesa kule Mwanza, utayaona maboma. Kuta zimefika kwenye linta, nondo zimeshika kutu, mpapai umeota mahali palipokusudiwa kuwa chumba cha watoto. Sisemi kila boma ni aibu. Ndivyo wengi wetu tunavyojenga, kidogo kidogo, na ipo sababu. Benki ya Nyumba Tanzania ilifungwa mwaka 1995, na kwa miaka mingi baada yake mtu wa kipato cha kawaida hakuwa na mahali pa kupata mkopo wa nyumba wa muda mrefu. Sheria maalumu ya mikopo ya nyumba ilikuja mwaka 2008. Katikati hapo watu walijenga kwa mfuko: msimu huu tofali mia tano, msimu ujao saruji, mavuno yakija vizuri mabati. Boma la namna hiyo likisimama miaka mitano, halimdai mtu. Limelala tu, linamsubiri mwenyewe.

Boma lililojengwa kwa mkopo halilali. Kila tarehe ya mshahara linakula, na wewe hujaingia ndani. Hilo ndilo jambo ambalo vijana hawaliweki kwenye hesabu. Aliyekopa kuanza nyumba analipa mara mbili kwa mwezi uleule: analipa rejesho la nyumba ambayo haina paa, na analipa kodi kwa mwenye nyumba anakolala.

Tuketi basi, tupige hesabu. Nitachukua mfano wa kubuni, lakini si wa mbali. Mume ni mwalimu, mke ni muuguzi. Baada ya makato yote, mikononi mwao inafika shilingi 1,300,000 kwa mwezi. Wamepanga vyumba viwili kwa 150,000. Wanataka kukopa milioni 20 waanze ujenzi, walipe kwa miaka sita. Taarifa za Benki Kuu kuhusu soko la mikopo ya nyumba zimekuwa zikitaja riba za kati ya asilimia 15 na 19 kwa mwaka. Tuseme asilimia 17. Kama riba inahesabiwa juu ya deni linalobaki, rejesho litakuwa karibu shilingi 445,000 kila mwezi, na baada ya miezi 72 watakuwa wamelipa takriban milioni 32. Kama riba inahesabiwa juu ya mkopo wote tangu mwanzo hadi mwisho, kana kwamba hawajapunguza hata senti, rejesho litafika karibu 561,000 na jumla itavuka milioni 40. Asilimia iliyoandikwa kwenye karatasi ni ileile 17. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza afisa mikopo si riba ni asilimia ngapi, bali inahesabiwaje, na jumla nitakayolipa ni shilingi ngapi. Akisita kuiandika hiyo jumla, nyanyukeni mwende.

Turudi kwenye hesabu nafuu, ile ya 445,000. Ongeza kodi ya 150,000, inakuwa 595,000. Kati ya 1,300,000 zinabaki 705,000 za chakula, nauli, umeme, maji, vocha, zaka, mchango wa jumuiya, mama wa upande huu na baba wa upande ule. Watu wawili wenye afya, wasio na mtoto, wataweza. Wataweza kwa kubana. Sasa muulize fundi milioni 20 zitafika wapi. Fundi mwaminifu atakuambia kwamba zitafika pazuri, kuta zitasimama, pengine mtapaua. Kisha muulize kilichobaki. Shimo la maji taka halimo. Kuvuta maji na umeme havimo. Milango, grili za madirisha, lipu, sakafu, rangi, havimo, wala ujira wa kijana wa kulinda saruji usiku. Mafundi wenyewe husema boma si hata nusu ya nyumba. Kwa hiyo fedha za mkopo zitakwisha mwaka wa kwanza, na miaka mitano iliyobaki wanandoa hawa watalipia jengo wasilolala, bila nafasi ya kukopa tena, maana mshahara umekwisha kushikwa. Kodi ya miaka hiyo sita peke yake ni milioni 10 na laki nane. Ukijumlisha na mkopo, wametoa karibu milioni 43, na bado wamepanga.

Kuna wanaoniambia: Padre, huo ni mkopo wa mshahara, sisi tutachukua mkopo wa nyumba wenyewe, wa miaka 15 au zaidi. Ni kweli, mikopo hiyo ipo, na muda wake umerefuka kuliko zamani. Lakini benki itataka nyumba au kiwanja kiwe dhamana, na dhamana hiyo inahitaji hati. Vijana wengi wanaokuja kwangu wamenunua kiwanja kwa mkataba wa mauziano ulioshuhudiwa na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, hakijapimwa. Karatasi hiyo haiwezi kubeba mkopo wa miaka 15. Ndiyo maana wanaishia kwenye mkopo wa mshahara wenye muda mfupi na rejesho kubwa, wakidhani wamechukua mkopo wa nyumba. Na wenye hati nao wapige hesabu. Milioni 50 kwa asilimia 17 kwa miaka 15 ni rejesho la karibu 770,000 kwa mwezi, na jumla yake ni kama milioni 138 na nusu. Unanunua nyumba karibu tatu, unapewa funguo za moja. Kwa watu wenye mishahara mikubwa na kazi za uhakika hilo linaweza kuwa na maana yake. Kwa mwalimu na muuguzi wa mfano wetu haliwezekani, na ni afadhali kuambiwa na padre leo kuliko na dalali baadaye.

Najua pia kwamba mtumishi wa umma analindwa asikatwe mpaka abaki chini ya theluthi moja ya mshahara wake wa msingi. Nimewasikia vijana wakilitaja hilo kwa furaha kabisa: bado nina nafasi mpaka theluthi. Ndugu yangu, theluthi imewekwa ili usife njaa. Haikuwekwa iwe bajeti ya familia. Aliyesoma chuo kwa mkopo wa serikali tayari anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kabla hajafikiria kiwanja. Ukijaza nafasi yote iliyobaki hadi kwenye mstari wa theluthi, umemkabidhi mtu mwingine ndoa yako.

Nalisema hilo nikiwa mchungaji, si mhasibu. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, kina sheria ndogo ambayo hatuihubiri vya kutosha. Mwanamume aliyeoa karibuni asipelekwe vitani, wala asitwikwe kazi nyingine ya lazima, kwa muda wa mwaka mmoja. Abaki nyumbani amfurahishe mke wake. Mungu wa Israeli, aliyekuwa na vita vingi vya kupiganiwa, aliona kwamba ndoa changa inahitaji mwaka wa kupumua. Na sura ya 20 ya kitabu hichohicho inamrudisha kutoka vitani pia mtu aliyejenga nyumba mpya asipate kuizindua. Ndoa na nyumba vimewekwa pamoja katika huruma ileile. Sisi tunavipiganisha. Tunachukua mwaka wa kwanza wa ndoa, mwaka wa kujuana, wa mimba ya kwanza, wa kujifunza mwenzako hukasirika vipi na hunyamaza vipi, tunaufanya mwaka wa kukimbizana na lori la mchanga.

Nimesikiliza ugomvi mwingi wa wanandoa katika miaka yangu ya upadre. Mara nyingi hauanzi na mwanamke mwingine wala mwanamume mwingine. Unaanza na fedha ambayo haikutosha, na mmoja akaona aibu kusema kwamba haikutosha. Mume anaingia kwenye kikundi kingine kufidia kikundi cha kwanza. Mke anaficha mchezo wake wa kupeana zamu ili usiingie kwenye tofali. Baadaye wanakuja kwangu wakizungumza habari za kudharauliana, na ukichimba unakuta saruji.

Hata wanandoa wenye mapatano mema hawajui yatakayokuja katika miezi 72. Mtoto atazaliwa, huenda kwa upasuaji. Mama mzazi ataugua kijijini. Mtumishi wa umma atapata barua ya uhamisho kwenda Katavi au Lindi, na hapo atakuwa na makazi matatu ya kulipia: alikohamia, alikoiacha familia, na boma. Walioajiriwa shule binafsi na viwandani wanajua kwamba mkataba unaweza kukoma kwa barua ya ukurasa mmoja. Siyasemi haya ili kuwatia woga. Nasema tu kwamba mkopo unaotumia kila shilingi iliyopo umepangwa kana kwamba hakuna litakalotokea, na hiyo si imani. Imani haimlazimishi Mungu kulipa rejesho.

Sasa mtaniuliza: basi tukae tukipanga mpaka uzeeni? Hapana. Kanisa halidharau nyumba. Papa Fransisko, katika waraka wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alikiri wazi kwamba kukosa nyumba yenye staha na yenye bei inayomudika huwafanya vijana wengi waahirishe ndoa. Mwanamke anayenyonyesha katika chumba kimoja, choo cha pamoja na wapangaji sita, ana haki ya kutamani mlango wake mwenyewe. Ninachokikataa mimi ni kuanzia juu.

Mithali 24 ina mstari unaotoa utaratibu: tengeneza kwanza kazi yako ya nje, weka shamba lako sawa, ndipo ujenge nyumba. Kipato kwanza, kisha ukuta. Kwa wanandoa wa mfano wetu, ningesema hivi. Mwaka wa kwanza msijenge kitu. Lipeni madeni ya harusi na mkijue kiasi mnachotumia kweli, siyo kile mnachodhani mnatumia. Kisha wekeni 350,000 kila mwezi katika SACCOS ya kazini au ya parokia, kwa miezi 30. Hiyo ni milioni 10 na nusu. Wakati huo mtakuwa mnatoa, pamoja na kodi, 500,000 kwa mwezi, pungufu ya zile 595,000 za mkopo, na mwezi mtoto akiugua mnaweza kupunguza akiba bila mtu kuwapigia simu. Katikati ya miezi hiyo kipimeni kiwanja na mtafute hati, maana hilo ndilo tofali la kwanza. Fedha ikitimia, msichore nyumba ya vyumba vinne. Jengeni uani, nyuma ya kiwanja, chumba na sebule na choo, bati la kawaida, sakafu ya saruji. Pauani. Ingieni.

Siku mnayoingia, kodi imekufa, na hapo mkopo unaanza kuwa na maana nyingine. Tuseme sasa mnakopa milioni 10 kwa miaka mitatu, kwa riba ileile ya asilimia 17 juu ya deni linalobaki. Rejesho ni karibu 357,000, na jumla haifiki milioni 13. Mnalipa mkiwa mnalala ndani ya kiwanja chenu, mnaiona kila tofali inayowekwa, na fundi hawezi kuiba nondo wakati mwenye nondo anakunywa chai mlangoni. Huo ndio mkopo wa kumalizia. Nawajua waamini walioanza kwa chumba cha uani, na leo chumba hicho wamempangisha mwanafunzi. Najua pia nyumba za vyumba vinne ambazo hazijawahi kulalwa na mtu isipokuwa mlinzi.

Hoja ya upande wa pili ninaiheshimu. Saruji inapanda, nondo zinapanda, viwanja vinapanda. Anayesubiri atajenga kwa bei ya juu zaidi. Ni kweli. Lakini bei ya saruji ingepanda kwa asilimia 17 kila mwaka, miaka sita mfululizo, ndipo mkopo ungelingana na kusubiri. Na kiwanja mwaweza kukinunua mapema kwa akiba, kabla hakijapanda. Nyingine ni ile kwamba kodi ni fedha iliyotupwa. Si kweli. Umelala ndani, umepata maji, mvua haikukunyeshea. Kodi imekununulia mwezi wa makazi, kama nauli ilivyokununulia safari. Fedha iliyotupwa ni riba ya boma.

Pengine mtanishangaa padre kuzungumzia riba kwa utulivu hivi. Wazee wetu wa imani waliikataza kwa ukali. Kutoka sura ya 22 inamkataza Mwisraeli kumtoza riba ndugu yake maskini, na inasema ukichukua vazi lake kuwa rehani umrudishie kabla jua halijazama, maana ndilo blanketi lake. Mwaka 1745 Papa Benedikto wa 14 aliandika waraka mzima juu ya jambo hili. Lakini Kanisa hilohilo, kwa mikono ya Wafransisko, lilianzisha pale Perugia mwaka 1462 nyumba ya mikopo kwa maskini, ili wasiende kwa walanguzi, na Mtaguso wa Tano wa Laterani ulikubali mwaka 1515 kwamba nyumba za namna hiyo zitoze kidogo cha kuendeshea kazi. Ndipo lilipo tofauti. Tozo la haki kwa huduma ni jambo moja; kumla mtu kwa sababu ana shida ni jambo lingine. Kwa hiyo namwona mkopeshaji wa kausha damu, yule anayetoa laki tano leo na kuchukua kadi ya benki na namba ya siri, kuwa anatenda dhambi nzito, hata kama Jumapili anakaa benchi la mbele. Kijana aliyekwama kwenye lenta asikanyage kwake. Acha ukuta unyeshewe mvua.

Nehemia, katika sura ya 5 ya kitabu chake, alikuta watu wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba zao ili wapate nafaka, na wanaowadai ni ndugu zao wenyewe. Hakuwahubiria wadaiwa subira. Aliwaita wadai, akawaambia warudishe. Ningependa wenye benki zetu na wenye mamlaka wasome sura hiyo wanapopanga riba ya nyumba ya kwanza ya mwalimu.

Narudi kwa ninyi wawili, maana kuna jambo ambalo sitalipitisha. Mkopo wa nyumba usichukuliwe na mmoja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inakataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inadai ridhaa hiyo pale nyumba inapowekwa dhamana. Lakini mkopo wa mshahara hauna ulinzi huo. Mtu anaweza kujifunga miaka sita kwa sahihi yake peke yake, na mwenzake akajua siku makato yanapoonekana. Kisheria amefanya sawa. Mbele ya altare mlikoahidiana, hakufanya sawa. Na kiwanja kiandikwe majina ya wote wawili. Nimeona wanawake waliochota maji ya kujengea kwa ndoo, wakapika chakula cha mafundi, kisha mume alipofariki wakaambiwa na shemeji kwamba jina lao halimo. Mwanamume mwenye mapenzi anaandika jina la mke wake angali hai.

Neno moja kwa wazazi na wanakamati. Tunakaa vikao miezi minne kukusanya mamilioni ya ukumbi, keki, mapambo na mshereheshaji, tunawasindikiza maharusi usiku hadi kwenye chumba cha kupanga, halafu tunawauliza mwaka ujao: mbona hamjengi? Presha ya kujenga haraka mara nyingi inatoka kwetu. Sikatai furaha ya Kana. Lakini nusu ya michango hiyo ingepima kiwanja na kuweka msingi, na hakuna mgeni angekufa njaa kwa kula pilau chini ya mti wa kanisa.

Mimi kwa upande wangu, katika mafundisho ya ndoa, nimeongeza kipindi kimoja kabla ya kutangazwa. Nawapa wachumba karatasi mbili tupu, nawaweka vyumba tofauti, na kila mmoja anaandika mshahara wake na madeni yake yote: chuo, kikundi, simu ya mkopo, duka la mtaani, mchango wa mazishi aliouahidi. Kisha wanabadilishana karatasi na mimi natoka nje. Wengine wanacheka. Wengine wanakaa humo saa nzima. Wapo waliorudi kuniomba tusogeze tarehe ya harusi miezi sita, na tulisogeza.